Nilinyoa nywele zilizokuwa zinang'oka, nikamuua mume wangu aliye hai

Wakuu, nawasalimu wote, wenye nywele na mliobakisha masikio tu.

Niseme kosa langu mapema, mkimaliza kucheka tuendelee.

Miaka ya tisini, nikiwa na akili timamu na cheti cha Form Four ndani ya sanduku, nilimuua mume wangu kwa wembe. Sikumgusa. Yeye alikuwa Nakuru akifunga nyaya za umeme. Nilinyoa kichwa changu mwenyewe asubuhi, na kufikia saa nane mchana matanga yalikuwa yamejaa kwangu.

Haya ninayoandika yalinipata mimi, si rafiki ya rafiki. Hata sehemu zinazonionyesha zuzu sijazitoa, na mtaona ni nyingi.

Juzi humu ndani dada mmoja aliuliza kwa nini nywele zinamtoka. Majibu yakawa mafuta ya nazi, shetani, na stress. Nikasema hapana, huyu dada asije akaishia nilikoishia mimi.

Sasa sikieni.

Tulikuwa tunaishi upande wa Mayoni, nyumba katikati ya miwa. Nilikuwa nimeolewa miaka miwili, na kifungua mimba wetu, Makokha, alikuwa na miezi minne. Baba Makokha alikuwa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata leo. Kuna watu wanatoka kwenda kuiona dunia, mimi nikisikia inapita barabarani nafunga mlango.

Lakini nilikuwa na nywele, wakuu. Wakati wa mimba ndio zilijaa zaidi, nene mpaka kichana kilikuwa kinavunjika meno. Nilijidai nazo. Nilikuwa natafuta sababu ya kuinama mbele za watu.

Halafu zikaanza kuondoka.

Kwanza kwenye kichana. Kisha kwenye mto. Kisha Makokha akawa ananyonya huku ameshika nywele, akiachia, ngumi yake inabaki imejaa kama amevuna.

Kwetu nywele hazitupwi ovyo. Ndege akizijengea kiota, unaumwa kichwa mpaka uchanganyikiwe. Basi nikawa nazikusanya ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia na kuuficha chini ya kitanda. Kila siku naongeza. Mkebe ukawa na nywele kuliko mimi.

Nilijaribu dawa. Kitunguu nikapaka, nikanuka kama mchuzi usio na nyama. Nikapaka mafuta ya ingokho, kuku wa kienyeji, kwa sababu kuna mtu alisema kuku hajawahi kuwa na upara. Usiniulize aliwaza nini. Uliza mimi niliwaza nini nikikubali.

Jirani yangu, Mama Zuhura, aliona nimeanza kujifunga kitambaa kila saa, hata nikipika. Akauliza kama kichwa kinauma. Nikasema ni homa. Wiki iliyofuata akauliza tena. Nikasema ni homa ileile.

Sasa hapa nisitanie.

Mliokuwa wakubwa miaka hiyo mnakumbuka. Mtu akikonda na nywele zikawa nyepesi, hakuna aliyeuliza hospitali imesema nini. Watu walikuwa wanajua tayari. Ule ugonjwa hata jina lake hawakulitaja, waliuita huu wa siku hizi. Na mimi nilikuwa nimekonda kwa kunyonyesha, nachoka nikichota ndoo moja ya maji, na mume wangu anaishi mbali.

Nikajumlisha mwenyewe, nikapata jibu, jibu likanikalia kifuani.

Ningeenda hospitali? Niliogopa hospitali ingekubaliana na mimi. Nilikuwa namtazama Makokha akinyonya, nageuza uso.

Ndio nikapata lile wazo.

Wiki hiyo miwa ya mbele ya nyumba yetu ilikuwa imekatwa. Kila mtu wa kwetu anajua, miwa ukiikata vizuri karibu na ardhi, shina linachipuka tena, na chipukizi linaweza kuwa zito kuliko mama yake. Nikasimama pale mlangoni nikitazama visiki. Nikajiambia, mbona kichwa kisiwe vivyo hivyo?

Cheti cha Form Four, wakuu. Biolojia nilipita.

Nikachukua wembe, maji na sabuni. Nikanyoa mpaka kichwa kikang'aa. Nikasikia upepo mahali sijawahi kuusikia. Kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi nikafurahi, nikatoka bila kitambaa kwenda kuanika nepi za mtoto.

Nikasahau kitu kimoja. Miwa ilikuwa imekatwa. Kutoka barabarani mtu anaona mpaka kamba yangu ya nguo.

Na nikasahau kitu cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Kwetu mwanamke aliyeolewa hanyoi kichwa hivi hivi. Ananyolewa mume wake akishazikwa.

Mama mmoja wa ukoo wa mume wangu alikuwa anatoka sokoni. Akasimama. Akaweka kikapu chini. Akanitazama muda mrefu, akashika kichwa kwa mikono miwili, akachukua kikapu, akaondoka karibu mbio. Mimi nikampungia mkono. Nikadhani ameshangaa vile nimependeza.

Saa sita nikasikia kilio mbali.

Kikakaribia.

Nikatoka na mtoto mgongoni, naona wanawake wanakuja kwenye njia ya miwa, mikono hewani, wakiita jina la mume wangu. Nyuma yao wanaume wamebeba viti. Kuna mmoja alikuja na panga, akaanza kufyeka nyasi mahali pa kukaa watu.

Jamani, fikirieni ni wewe. Watu wa ukoo wanakuja wanalilia mume wako, na yeye yuko safarini kikazi. Ungefikiri nini?

Nilifikiri wamepata habari kutoka Nakuru. Nikapiga nduru moja, nikaanguka chini.

Kuona nimeanguka, wao wakahakikisha.

Tukalia, wakuu. Tulilia vizuri. Mama Zuhura alifika na Innalillahi yake, akanikumbatia, akalia kunishinda mimi mwenye marehemu. Mtu alitumwa kwa baiskeli mpaka Khwisero, ambako mama mkwe alikuwa ameenda kumtembelea dada yake. Sufuria kubwa ya chai ikainjikwa. Kila mtu aliyekuja alimsifu Baba Makokha, hata wale ambao wiki iliyopita walikuwa wanamwita mchoyo.

Kilichotuokoa ni hasira ya mzee Wesonga, baba mdogo wa mume wangu. Alikuwa amekaa pembeni kimya, hanywi chai. Mwishowe akasimama mbele yangu na fimbo yake.

"Mama Makokha," akasema, "kulia hatukukatazi. Lakini mtoto wetu umemzika wapi?"

Nikasema, "Nimzike? Si nyinyi ndio mmekuja kuniambia amekufa?"

"Sisi? Sisi tumeambiwa na kichwa chako."

Nikashika kichwa.

Yule wa panga akaacha kufyeka. Nikasema polepole kwamba hakuna aliyekufa ninayemjua, nilinyoa kwa sababu nywele zilikuwa zinanisumbua.

Msifikiri walicheka. Wachache walicheka baadaye sana, wengine bado. Wazee walisema nimemzika mume akiwa hai, na mke wa namna hiyo anarudishwa kwao mpaka jambo litakaswe. Mzee Wesonga akasema neno la mwanamke aliyejinyoa halitoshi, lazima asikie kwa mwenyewe. Binamu akatumwa posta ya Mumias kupiga simu kazini Nakuru.

Aliyeitwa kwenye simu ni Baba Makokha mwenyewe. Binamu akamuuliza kama yuko mzima. Yeye akauliza ni nani amekufa. Binamu akajibu, "Ni wewe," akakata simu.

Msaada mkubwa sana huo.

Mama mkwe alifika jioni, sauti imeisha kwa kulia njiani. Wakamweleza getini. Akaingia ndani, akafunga mlango, tukabaki sisi wawili na mtoto.

Nilitarajia makofi. Akauliza tu, "Nywele zilikusumbua namna gani?"

Nikavuta mkebe kutoka chini ya kitanda nikamfungulia. Akatazama ndani, akanitazama nilivyokonda, nikaona jibu langu limemwingia na yeye. Akasema zake hazijawahi kumtoka hivyo, wala za dada zake. Kisha akasema kesho asubuhi tunaenda hospitali wote wawili, na tukirudi ataamua kama mimi bado ni mke wa mtoto wake.

Akachukua Makokha, akamlaza mapajani kwake, na hakunirudishia mpaka mtoto alipolilia kunyonya.

Asubuhi akabeba mkebe yeye mwenyewe.

Daktari tuliyemkuta alikuwa mzee wa miwani, hana haraka. Aliponivua kitambaa akashusha pumzi. Akasema nimemletea shamba lililokwisha kulimwa halafu namuuliza lilikuwa na magugu gani.

Akaanza maswali, na dada uliyeuliza juzi, hapa ndipo usome taratibu. Zilianza lini? Zilipungua kichwa chote, au kuna mahali pamebaki mviringo? Kichwa kinawasha, kina magamba? Nilikuwa na homa kali miezi iliyopita? Nilisuka kwa kuvuta sana? Nilitia dawa ya kulainisha? Nakula nini, nachoka? Nimejifungua lini?

Hilo la mwisho nilijibu kwa kunong'ona, sijui kwa nini.

Akavuta kope la chini akatazama rangi. Akatazama kucha. Akashika shingo yangu akaniambia nimeze mate. Akamulika ngozi ya kichwa kwa tochi. Halafu mama mkwe akaweka mkebe mezani, pu.

Wakuu, yule mzee alifurahi kama ameletewa zawadi. Akatoa nywele mojamoja akizielekeza dirishani. Akatuonyesha kila moja ina kidoa cheupe mwishoni, maana yake imetoka nzima na mzizi wake, haikukatika katikati kwa dawa wala kwa kusuka.

Akasema mwili wa mwenye mimba unazuia nywele zisianguke kwa zamu yake kama kawaida. Mtoto akishazaliwa, zile zilizozuiwa zinaachiliwa pamoja, mara nyingi mwezi wa tatu au wa nne. Zinatisha, lakini zinarudi zenyewe. Wembe hauzisaidii wala hauzidhuru, hunyoi mzizi. Uchovu wangu ni upungufu wa damu, akaandika vidonge vya kuongeza damu, mboga na maharagwe.

Mama mkwe akauliza swali langu kabla yangu. Akauliza kuhusu ule wa siku hizi.

Daktari akasema, "Mama, nywele haziwezi kusema hilo. Damu ndiyo inasema. Mkitaka, tutaiuliza."

Nikanyoosha mkono. Sijui niliupata wapi ule ujasiri, labda ni kwa vile nilikuwa nimeshahudhuria matanga ya mtu aliye hai.

Baba Makokha alifika siku iliyofuata, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakuta watu kumi na zaidi wamekaa wakimsubiri kumhakikisha. Akala ugali na kuku mbele yao wote, kama mzee Wesonga alivyotaka, wakimtazama akimeza. Kisha akaja mlangoni, akatazama upara wangu, akaniuliza kama angalau alizikwa vizuri.

Nikamwambia kila kitu, na damu iliyopelekwa kupimwa. Akaomba ruhusa kazini. Akapimwa na yeye bila kubishana. Tulisubiri wiki mbili ambazo sitaziandika hapa, kwa sababu hakuna neno.

Majibu yalirudi safi, yote mawili. Mama mkwe alisoma ile karatasi ikiwa kichwa chini, miguu juu. Akaikunja akaitia kifuani, akaniita mwanangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Basi somo. Nywele zikianza kukutoka, usikimbilie wembe wala kitunguu. Kumbuka miezi mitatu minne nyuma ulikuwa na nini, uzazi, homa, njaa, huzuni. Kama ni pembeni mwa uso, punguza kuvuta rasta kabla mizizi haijachoka kabisa. Mtoto akiwa na mabaka yenye magamba, hayo mara nyingi ni mashilingi, yaani choa, yana dawa yake. Mviringo laini usio na kitu, au nywele zimeisha pole pole kama za baba yako, hizo ni hadithi nyingine, na daktari ndiye wa kuzitofautisha. Nenda na kichwa kama kilivyo. Na zile zilizoanguka, mbebee.

Zangu zilirudi kabla Makokha hajafikisha mwaka, zimesimama mbele kama manyoya ya kifaranga.

Wenye visa vyenu wekeni hapa chini, na madaktari mlioko humu mnirekebishe nilipopotosha. Wenye matusi pia karibuni, ila mmechelewa. Siku nilipopata majibu nilienda kwa Mama Zuhura kumweleza yote, mkebe, uoga, mzizi mweupe, uzazi. Akanisikiliza mpaka mwisho akichambua mboga, hakuinua macho. Kisha akasema:

"Mimi zilinitokanga kwa watoto wote sita. Nilikuuliza mara mbili kichwa kina nini, ukaona heri uue mwanaume."