Toroli Lisilo na Msuguano

Huja saa nane mchana, akitoka zamu ya kufua mashuka hospitalini, na hukaa meza ileile inayotazamana na kaunta yangu ya maktaba. Vidole vyake vimenyauka kwa maji ya dawa. Penseli huishika karibu kabisa na ncha, kama sindano. Swali hulisoma kwa midomo, bila sauti, mara tatu. Kisha huisukuma meza kidogo kwa kiganja, kana kwamba anaiuliza, ndipo aandike. Mtihani wa fizikia umeshamwangusha mara mbili, na bila huo kozi ya uuguzi haimpokei. Kila akifungua majibu nyuma ya kitabu, mabega yanamshuka, anafuta mpaka karatasi inatoboka.

Jana nilichungulia. Toroli la kilo themanini linasukumwa kwa nguvu ya nyutoni arobaini; mchapuko wake, yaani kasi inavyozidi kila sekunde, ni upi? Alikuwa ameandika neno moja tu: halisogei.

"Dada," nikamnong'oneza, "hapo wamesema upuuze msuguano."

"Nimeona, kaka. Lakini mimi toroli la mashuka nalisukuma mwaka wa tisa huu. Kwa nguvu hiyo halitoki hata mlangoni."

Nikamwonyesha: arobaini gawanya kwa themanini. Akafuta, akaandika nusu, akafungua nyuma ya kitabu. Amepata. Wala hakufurahi. Alilitazama jibu lile huku akijikanda bega la kulia.

"Kwa hiyo," akauliza taratibu, "hiki kinachonichosha hakipo?"