Bi Mwatum na Watoto wa Wenzake

Hapa Wawi, sikio la mtoto halikuwa na mwenyewe. Ukikosea barabarani, Bi Mwatum alikupinda sikio, akakupeleka kwenu, na mama yako akamwambia ahsante. Mimi nimepindwa mara tatu. Jirani yangu Zulekha, nadhani, kila wiki. Haya ya "mwanangu usimguse" sijui yalishuka na meli gani.

Msimu wa karafuu wa mwaka juzi, Mzee Bakari alianika zake kwenye jamvi nje, akaenda kusali. Bi Mwatum akamkuta Abeer, binti wa Zulekha, anazitia kwenye mkoba wa skuli. Akamshika sikio mpaka kwao.

Zulekha akamjibu mbele ya mtoto. "Bi Mwatum, huyu nimemzaa mie. Wewe lea wako."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini siku ile aliyelia ni Bi Mwatum. Majirani tulikuwa mlangoni, wote tuliokulia mikononi mwake, na hakuna aliyefungua kinywa. Aliondoka akijifuta kwa ncha ya kanga. Tangu hapo akipita penye wasichana alitazama chini, asijue nani ni nani.

Akabaki na wake mmoja, Asya, mjukuu wa miaka kumi na minne aliyeachiwa na bintiye marehemu. Huyo ndiye aliyekuwa roho yake.

Mwezi uliopita Asya na Abeer walikamatwa na nusu gunia la karafuu za watu. Kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, ikajulikana kuwa Asya alianza tangu msimu uliopita. Bi Mwatum akatugeukia sisi wanawake.

"Mlimwona?"

"Twalimwona," akasema Zulekha.

"Na mkanyamaza."

"Kila mtu na wake, bibi."

"Nimewalea nyote, na nyote mmenisaliti." Alisema polepole, na mimi nilitamani ardhi inimeze, maana nilimwona Asya mara mbili, nikapita zangu.

Kisha akamuuliza mjukuu wake, "Nani kakufunza haya?"

Asya alikuwa analia. "Siku ya kwanza n'liogopa, bibi. Abeer kashika mkoba, mie natia. Ukapita wewe, ukatazama chini. Abeer kanambia, 'Umeona? Hata bibi yako hasemi kitu.'"

Bi Mwatum akaomba kiti.