Tarehe ya Kifo cha Kondo

Likwata alikuwa mtu wa kucheka na watu. Kijiji kizima cha Njinjo kilimjua kwa mizaha yake na kwa harusi yake, maana alimwoa Kibibi wiki ileile ya Uhuru, mwaka sitini na moja, na kila Desemba hakosi kujigamba kwamba serikali ilimpigia mizinga. Lakini ungemwangalia vizuri ungeona anavyowahi kubadili mazungumzo mtu akimtaja mume wa kwanza wa Kibibi, marehemu Kondo.

Kondo na Likwata walikwenda pamoja kukata mkonge upande wa Lindi. Huko Kondo akashikwa na kifua, akakohoa damu, akalazwa hospitali ya mjini. Likwata alimtembelea mara mbili tu. Mara ya pili alimkuta kabaki mifupa, macho yametumbukia, akamwambia Jumapili atarudi na uji wa mtama. Jumapili hakwenda. Alikiogopa kile kifua, mkataba wake ulikuwa umekwisha, na lori la Kilwa lilikuwa linaondoka Jumamosi. Akapanda. Njia nzima alijiambia kwamba mtu yule hafiki kesho kutwa.

Alipofika, Kibibi alimkimbilia na mtoto mgongoni, akauliza mwenzako yuko wapi. Sasa mtu mzima utasema nini? Useme umemwacha hai, peke yake, ukajipandia lori? Likwata akaona haya, akasema amefariki. Kikaangushwa kilio. Watu wakamswalia Kondo akiwa mbali, bila jeneza, Likwata yumo safu ya mbele, na arobaini ilipofika akala wali pamoja na wengine. Kibibi akakaa eda miezi minne na siku kumi, akatoka, akaposwa. Muda wote huo Likwata alijifariji kwamba uongo wake ulikuwa wa siku moja mbili tu, na kwamba Kondo alishakufa kweli kabla machozi ya Kibibi hayajakauka.

Miaka kumi na sita ikapita. Yule mtoto wa mgongoni, Mwanaasha, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na Likwata ndiye aliyemsomesha, hilo tusimnyime. Kijiji kilipohamishiwa barabarani wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa, makaburi yalibaki msituni, nyasi zikayafunika. Mwanaasha akaogopa ukoo usije ukapotea nayo. Akanunua daftari, akawa anawazungukia wazee na kuandika fulani kazaliwa lini, kafa lini, kazikwa wapi. Mstari wa baba yake mzazi ulikuwa na jina tu. Akasikia kwamba waliofia hospitalini huandikwa kwenye vitabu vya serikali, na mtoto anaweza kuomba cheti, ila aende na barua ya balozi wa nyumba kumi na mtu aliyemfahamu marehemu. Akamwambia Likwata, aliyemfahamu ni wewe, Baba.

Likwata akasingizia mgongo, kisha akasingizia korosho. Msichana akangoja mgongo upone na korosho ziokotwe. Mwisho wakapanda lori hadi barabara kuu, wakapata basi la Lindi, wakafikia mtaa wa Rasbura kwa ndugu wa Kibibi. Alichokiogopa Likwata kilikuwa kimoja tu: tarehe. Kama Kondo alikufa baada ya harusi, basi Kibibi aliolewa akiwa mke wa mtu, na aliyemtia katika haramu hiyo ni yeye Likwata.

Karani wa vifo, Bonaventura, alikuwa mtu mpole, miwani yake imefungwa uzi. Alisoma barua, akajaza fomu, akauliza jina la marehemu, jina la baba yake na mwaka wa kifo. Likwata akasema sitini na moja, mwezi wa saba. Bonaventura akashusha kitabu kikubwa, akapitisha rula mstari kwa mstari, mwezi wa saba, wa nane, hadi Desemba. Kondo hayumo. Akavua miwani, akatoa pole, akasema zamani wengi hawakuandikwa, bora binti aandike tu kwamba haijulikani. Mwanaasha akafunga daftari lake, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akamwomba Likwata msamaha kwa kumchosha bure na umri ule.

Hapo Likwata alikuwa amepona. Angenyanyuka tu, ashukuru, aende zake akanywe chai. Nani angejua? Lakini ule msamaha ulimchoma kuliko tusi.

"Fungua mwaka unaofuata," akasema.

"Mzee, umesema sitini na moja."

"Nimesema. Wewe fungua."

Aprili 1962 ndimo alimokuwamo. Kondo bin Abdurahmani, mkata mkonge, miaka thelathini, kifua kikuu. Aliyetoa taarifa: mhudumu wa wodi. Mwanaasha aliusoma mstari ule kwa sauti, akafika kwenye mwaka, akaurudia. Harusi ya wiki ya Uhuru ameisikia tangu hana meno. Akanakili yote kwa mwandiko wake wa ubaoni, akatia sahihi maombi ya cheti, akamshukuru karani. Safari nzima ya kurudi alimtunza Likwata kama kawaida, akamnunulia ndizi, akampisha dirishani. Ila alimwita mzee. Baba hakumwita hata mara moja.

Jioni waliyofika, Likwata mwenyewe alimweleza Kibibi kila kitu, mpaka ule uji wa mtama. Alitegemea matusi, na angeyashukuru. Kibibi akawa anapapasa mkeka. Alipofungua kinywa, hakuuliza habari ya ndoa.

"Alikufa na nani?"

"Peke yake."

"Miezi tisa?"



Asubuhi Kibibi alivaa nguo nyeupe, akasema anamkalia eda mume wake upya, na Likwata atafute pa kulala. Shehe naye akasema ndoa ile haikuwa ndoa, itafungwa upya mwanamke akitaka. Siku zilipotimia, Likwata, na mvi zake, akatuma mshenga. Kuna waliomcheka na kuna waliomhurumia. Mshenga akarudi na jibu fupi: posa itasikilizwa Likwata akishakwenda ile Jumapili aliyoahidi.

Akaenda. Jumapili iliyofuata alifika kwenye makaburi ya hospitali, nje ya mji wa Lindi, na chupa ya uji wa mtama mkononi. Mlinzi akamuuliza anamtafuta nani, kisha akamweleza kwamba walioletwa kutoka wodini bila ndugu hawana vibao, hakuna ajuaye yupi yuko wapi. Likwata akayatazama yale matuta, yalikuwa mengi. Akachuchumaa penye la kwanza.

"Kondo," akasema, "nimechelewa."

Kisha akanyanyuka, akahamia la pili.