Waya wa Mathe

Jumatatu, katika saiba moja ya kukodisha kompyuta mtaani Kisumu Ndogo, mama anayepika chapati kando ya barabara alikuwa akiomba kazi ya upishi shuleni. Mwisho wa kutuma maombi kwa mtandao ulikuwa saa sita mchana. Kompyuta kuukuu iliwaka, lakini kibodi haikuandika wala mausi haikusogea.

"Hii imekufa, mathe," akasema kijana wa saiba. "Na zingine ziko na watu."

"Haijakufa. Jana baada ya ibada ni mimi nilirudisha waya."

Jumapili chumba hicho huwa kanisa, na waumini ndio huhamisha mashine.

Kijana akachungulia nyuma, akacheka. "Mathe! Umeweka ya mausi kwa shimo ya kibodi. Waya ya zambarau iende kwa shimo ya zambarau, ya kijani kwa ya kijani."

"Si zote ni za mviringo?"

Kijana akazibadilisha, akazima mashine, akaiwasha upya. Mama akabonyeza herufi moja. Ikatokea. Saiba nzima ikapiga makofi, na kabla ya saa sita maombi yakaenda.

Huwa nabishana na wanaosema kila mtu akae mahali pake. Kwa waya, nimekubali. Kwa watu, bado nakataa: mpika chapati wetu sasa anangoja kuitwa jikoni mwa shule.