Ini la Asubuhi

Panya wetu walikaa chumba cha nyuma cha chuo, hapa Garissa, na jirani zangu walilijua hilo. Mwanamke anayeshika panya mchana kutwa, nani atakula naye sinia moja? Mwanzoni nilikasirika, kisha nikazoea kula peke yangu, na kuzoea huko ndiko kulikoniuma zaidi.

Tulikuwa tunajaribu dawa ya zamani, vidonge vya presha vinavyouzwa kila duka la dawa, tuone kama vinaweza kulikinga ini lisiote makovu. Panya wote walipewa kemikali ya kuharibu ini. Baadhi walianza vidonge mapema, wengine ini likiwa limeshaharibika. Wenzangu walitaka jibu wapate cha kuandika. Mimi nililitaka kwa ajili ya mama yangu, aliyekuwa Masalani, ini limejaa makovu na tumbo limevimba. Kila Ijumaa alinipigia simu kuulizia hali ya panya wale waliochelewa, utadhani ni wajukuu zake.

Jibu likaja. Walioanza mapema, ini lilibaki laini. Kwa waliochelewa, vidonge havikufua dafu.

Nikaenda nyumbani. Asubuhi mama alikaanga ini la mbuzi kwa vitunguu, akaliweka juu ya anjera, chapati zetu laini za unga uliochachushwa. Kwetu ini la asubuhi ni la mgeni, au la mtoto aliyekuwa mbali, naye alilisukuma lote upande wangu. Nililitazama lilivyo laini, mkono ukagoma. Nikasema nimeshiba, na tangu jana sikuwa nimetia kitu mdomoni.

Mama akaacha kutafuna. Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, jina lile lile mtoto analomwitia yeye.

“Hooyo,” akasema, “wale waliochelewa hawakupona, siyo?”

Nikamjibu kwamba hawakupona. Nilitamani aniulize jambo jingine lolote, hata la kuolewa, ambalo siku zote lilinichosha.

Alichukua kipande kimoja akanitia mkononi.

“Basi kula, hooyo. Waliowahi wamesalimika, alhamdulillahi.”

Nikala, machozi yakinitoka, na yeye akajifanya hayaoni.

Chuoni wameletwa panya wengine, na kazi inaendelea. Ijumaa simu yangu hailii. Siku nyingine hununua ini sokoni, nikalikaanga kwa vitunguu, nikakaa nalo mbele yangu hadi lipoe. Hakuna aliyebaki wa kuniita hooyo.