Kiboko Gani Anavaa Shati

Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Kwa hiyo siku ile afisa michezo alipotukusanya kivukoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, akauliza nani hapa amewahi kupanda chombo cha tanga, nilinyoosha mkono haraka sana. Lilikuwa swali la kwanza maishani mwangu ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Nilitaka kusema kwamba niliwahi kupanda ngalawa huko Dar, nikatapika tangu nchi kavu ilipopotea hadi ilipoonekana tena. Afisa hakusubiri sehemu ya kutapika. Akapiga makofi, watu wote wakapiga makofi, nikawa kocha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Huko Dar walikuwa wanaunda timu ya wasichana na akina mama ya kushindana kwa mashua za tanga na mataifa mengine, tena mataifa makubwa. Walishachukua watoto wa pwani, sasa wakasema hata bara kuna maji, twende tukatazame. Wangekuja kwetu Ifakara mwisho wa masika, mbuga ikiwa imefurika, na katika bonde zima la Kilombero wangechukua mtu mmoja. Huyo mmoja anaenda kambini, na akitoka kambini ana ajira.

Neno ajira ndilo lililomnyanyua dada wa samaki. Alikuwa rika langu, ana mtoto mmoja, na kazi yake ilikuwa kukausha kambale kwa moshi pale kivukoni pamoja na mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, mpaka wageni wakishuka kwenye pantoni walikuwa wanampa pole ya msiba. Alikuja mbele huku akijifuta na ncha ya kanga.

"Kaka, hiyo kazi ya tanga ina moshi?"

"Haina. Ni upepo tu."

"Basi mimi nipo," akasema, akarudi kugeuza samaki wake kabla hawajaungua.

Mama yake hakupendezwa. "Ana mtoto, ana moto, ana kambale. Huo upepo atauweka wapi?"

"Mama, macho yangu yanakwisha," dada akamjibu taratibu. "Nikikaa hapa mwaka mwingine, nitakuwa nawageuza hawa samaki kwa kupapasa."

Hapo yule mama akaacha kukataza. Aliniangalia tu, kama mtu anayekumbuka sura ili aje kuitambua baadaye.

Wanawake wengine kadhaa wa kivukoni nao wakajiandikisha. Chombo cha mazoezi kilikuwa mtumbwi wa kawaida. Mlingoti tulikata porini, na tanga tulishona kwa mifuko mitupu ya mbolea niliyokwenda kuombaomba kwenye mashamba ya Mngeta. Nilishona mwenyewe, nikaweka mfuko mmoja kichwa chini, kwa hiyo upepo ukijaa tulikuwa tunasomeka mto mzima: WEKA MBALI NA WATOTO, miguu juu.

Shida ya kwanza ilikuwa kukaa. Kwetu mtumbwini mtu anasimama. Unasimama nyuma na pondo, ule mti mrefu, unaudidimiza kwenye matope na kusukuma. Anayekaa ni abiria au mgonjwa anayepelekwa hospitali. Sasa mimi nawaambia wanawake waliozaliwa juu ya maji kwamba wakae chini, tena wakae pembeni na kuning'iniza makalio nje ya chombo upepo ukizidi. Waliona nimewavunjia heshima. Upepo ulikuwa ukipiga kidogo tu, mtu anasimama, mtumbwi unapinduka, na kosa linakuwa langu.

Nikaona niwafundishe kuegemea kwanza nchi kavu. Vifaa hatukuwa navyo, lakini baiskeli Ifakara unazipata hata usipozitafuta. Dada wa samaki akakaa kwenye keria, miguu ameikaza kwenye fremu, mimi nakanyaga kwa kasi barabara ya kwenda kanisani. Nikisema "upepo wa kulia", aegemee nje upande wa kulia. Alijifunza vizuri kuliko nilivyotegemea. Aliegemea kwa moyo wote, na baiskeli ikaegemea naye, tukaingia sote kwenye mpunga wa mzee mmoja uliokuwa umeanikwa mkekani.

Mzee akatoka na ufagio. Mimi nikiwa bado nimelala mle, nikamwamkia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnafanya nini kwenye mpunga wangu?"

"Tunajifunza mashua, mzee."

Akatazama baiskeli, akatazama mpunga, akatazama upande ule ambako mto uko mbali kabisa. "Endeleeni," akasema. "Lakini mkazamie kwa jirani."

Shida ya pili ndiyo nusura itumalize, na ilikuwa viboko. Mto wetu una sheria yake. Ukiona kitu cheusi cha mviringo juu ya maji, hukisogelei. Unagonga ubavu wa mtumbwi, ko, ko, ko, kumjulisha mwenyewe kwamba unapita. Kiboko mwenye adabu anazama na kwenda zake. Asiyezama ana lake moyoni, huyo unamzunguka mbali, hata kama ni mwendo wa kufika Mofu. Sheria hiyo sikumfundisha mtu, kila mmoja alikuja nayo kutoka kwao. Mimi niliongeza mkazo tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwoga kuliko wote. Kila jioni nilikuwa nawaambia: cheusi, gonga. Hakizami, kimbia.

Palizi ikachukua wengine, waume wakachukua wengine, homa ikachukua wawili watatu. Mwisho wa masika upande wetu alibaki dada wa samaki peke yake. Wageni wakafika na lori, na juu yake wamefunga mashua mbili nyeupe za fiba, ndogo, nyepesi kama mabeseni ya kuogeshea watoto. Aliyeongoza alikuwa mama mmoja mrefu wa Dar, amevaa kofia na filimbi shingoni. Mshindani wetu alikuwa binti wa kutoka kambi za mashamba ya miwa, mwembamba, mwepesi, aliyefundishwa na mwalimu wake wa shule kwa kitabu. Masharti yalikuwa mepesi: wanakimbia mara tatu, anayeshinda mbili ndiye anayepanda lori.

Maji ya mbuga yalikuwa yametulia, upepo mzuri. Wale wageni wakaenda kuweka alama ya kuzunguka, kule mbali. Nikaikazia macho. Ilikuwa tyubu ya trekta, imejazwa upepo. Nyeusi, ya mviringo, imetulia juu ya maji kama imekodi pale.

Nikamfuata afisa michezo. "Mzee, hapo pana viboko."

"Hawapo. Nimeongea na watu wa maliasili."

"Umeongea na viboko wenyewe?"

Filimbi ikalia. Dada wa samaki akaondoka vizuri, amekaa, ameegemea, anaongoza. Watu wa kivukoni wakaanza kushangilia. Halafu akaikaribia ile tyubu, nikauona mkono wake unashuka. Ko, ko, ko. Tyubu haikuzama. Akagonga tena. Tyubu ikakaa tu inamtazama. Basi dada akafanya kile nilichomfundisha: akakata kona kubwa, akaenda, akaenda, tukaona tanga linakuwa dogo kama leso. Binti wa miwa, ambaye kwao maji ni ya mifereji, akazunguka tyubu kwa kuigusa kabisa na kurudi. Alishashuka, ameshakunywa soda, ndipo wetu anatokea nyuma ya matete.

"Kwa nini alikwenda kule?" mama wa Dar akaniuliza.

"Ni adabu za huku," nikasema.

Dada alikaa mchangani, hakulia, ila macho yake mekundu yaliwafanya watu wampe pole kama kawaida. "Najua ni tyubu, kaka," akaniambia. "Kichwa kinajua. Mkono ndio haujui."

"Ukiona mtu amekaa juu yake, mkono utajua?"

"Mtu gani mjinga wa kukaa pale?"

Mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akanielekeza kidole.

Ndivyo nilivyojikuta katikati ya mbuga, matako ndani ya tyubu, miguu inaning'inia kwenye maji meusi, nimevaa shati langu jekundu la Krismasi. Nilisali Baba Yetu nikachanganya na hesabu ya mara saba. Upepo ukaleta sauti ya filimbi, kisha nikaziona mashua zinakuja. Dada yuko nyuma kidogo. Akanisogelea moja kwa moja, kisha nikasikia: ko, ko, ko.

"Ni mimi, dada," nikaita.

"Nakuona. Namgongea huyo mwenzako aliye nyuma yako."

Nikageuka, tyubu ikageuka nami, nikazama kichwa. Nilipoibuka, mashua ilikuwa inapita karibu yangu kabisa, na dada anacheka mpaka tanga linatikisika. Alikata kona kali pale pale, akampita binti wa miwa aliyebaki akinishangaa. Akashinda. Mpaka leo hajaniambia kama kweli kulikuwa na kitu nyuma yangu.

Mwalimu wa yule binti akapinga. Kitabu chake hakikuwa na alama yenye mtu ndani. Mama wa Dar akafikiri, akakubali: mtu atoke. Mimi nilishatoka zamani. Bado mara moja, na tyubu inarudi kuwa nyeusi tupu. Nikamwona dada anaitazama, mkono wake wa kulia umeshaanza kukunja ngumi ya kugonga.

"Mama," nikamwuliza yule wa Dar, "bendera inaruhusiwa juu yake?"

"Bendera ruksa."

Nikavua shati, wale wageni wakaenda kuivalisha ile tyubu, wakalifunga vifungo. Nikabaki kifua wazi mbele ya Ifakara nzima, mbavu zangu zikihesabiwa na watoto. Nikamwinamia dada. "Kiboko gani anavaa shati?"

Akacheka. Filimbi ikalia.

Walikwenda sambamba. Penye tyubu, mkono wake ukashuka, ukagonga mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani, halafu akazunguka karibu mpaka mkono wa shati ukampungia. Wakarudi wamelingana. Na hapo, karibu kabisa na ufuko, upepo ukafa.

Matanga yakalegea. Niliona magoti ya dada yanaanza kunyooka. Nilijua anachotafuta. Miaka yake yote, upepo au pasipo upepo, chombo kikisimama yeye anasimama na kuchukua pondo. Akisimama kwenye lile beseni anapinduka, na yote yamekwisha. Nikafungua mdomo nimwite. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yake, ile ya kuitia wateja kutoka ng'ambo ya mto.

"Kaa chini, we mtoto. Leo wewe ni mgonjwa. Kaa kama mgonjwa."

Akakaa. Binti wa miwa alikuwa anatikisatikisa usukani kwa hasira. Dada akatulia kabisa, ameinamisha kichwa, kama anayesubiri moto ushike. Kaupepo kadogo kakatoka upande wa mpunga, kakaanzia kwenye tanga lake. Akafika mbele kwa urefu wa pua ya mashua.

Kesho yake nilifika kwenye lori na begi langu, nimevaa shati lile lile, bado lina matope ya mbuga. Nilidhani kocha anaenda na mtu wake. Mama wa Dar akanishika bega kwa upole. "Huko makocha tunao, kaka."

Dada akapanda na kifurushi chake. Mtoto alibaki kwa bibi yake hadi kambi iishe. Lori lilipoanza kutembea, akainama, akagonga ubavu wa lori, ko, ko, ko, watu wa kivukoni wakapisha njia huku wanacheka. Nilisimama pale na begi. Nikahisi mtu ananitazama.

Mama yake alikuwa amekaa kando ya chanja lake la kukaushia samaki, mjukuu mgongoni, moto unafuka. Alisogeza tu kigoda cha binti yake kwa mguu, akaweka ufito wa kugeuzia samaki juu yake.

"Mwalimu," akasema, "kambale wanaungua."

Nilikaa mpaka kiangazi kikaisha, na kingine. Wageni wakishuka kwenye pantoni walikuwa wananiona macho mekundu, wananiuliza nani amefariki. Nawaambia hakuna aliyefariki. Kuna mtu amepata kazi.