Mama Rangi na Kope la Mwalimu

Saa nne kasoro robo asubuhi, kidirisha cha ukutani kinafunguliwa na mkono wa daktari unasukuma kisahani. Ndani yake kuna kipande cha ngozi kisichozidi punje ya dengu.

Fundi maabara mwenye miaka 43, ambaye hospitali nzima inamwita Mama Rangi, anachovya kijiti kwenye wino wa buluu na kupaka ukingo wa juu. Kingine anakichovya kwenye wino mwekundu, anapaka upande ulioelekea jicho.

"Buluu juu, nyekundu jichoni," anajisemea. Anachungulia mchoro wa uso uliochorwa na daktari, anarudia tena.

Mwenye ngozi hiyo, mzee fundi cherehani, anasubiri kwenye benchi nje, bandeji puani. Kidonda hakitashonwa mpaka kingo zote zionekane hazina saratani. Mama Rangi atakigandisha kipande, atakikata vipande vyembamba kwa mashine na kuvitia dawa, kisha daktari atavipima kwa hadubini. Penye ugonjwa, atarudi kukata mahali hapo tu. Rangi ndizo zitakazomwonyesha ni wapi.

Miaka mitatu iliyopita, Mama Rangi alizipaka kinyume. Daktari akakata kope la chini la mwalimu mstaafu, kope lisilo na ugonjwa wowote. Saratani ilikuwa upande wa pili. Iliondolewa siku hiyohiyo, lakini kope lililegea, na tangu hapo jicho hilo linatoka machozi lenyewe.

"Nilimwambia daktari palepale," anasema. "Mwalimu akaambiwa ni kosa la maabara. Maabara! Kana kwamba kuta ndizo zilizopaka rangi."

Daktari hakumfukuza. Walianza utafiti pamoja: kabla kipande hakijatolewa, ngozi inachanjwa alama ndogo upande wa juu, na mtu wa pili anazisoma rangi kwa sauti. Kati ya vipande 212, vinne vilikuwa vimepakwa kinyume, na vyote vilinaswa kabla ya kisu.

"Kimoja nilikipaka mimi," anasema bila kuulizwa.

Anataka ripoti ya utafiti ikitoka ifike kila maabara, hata kwa fundi asiyemjua. Nyumbani hana amani pia. "Mume wangu ananitania eti nitawapaka watoto wino nijue mbele na nyuma." Anacheka kidogo, anatazama saa.

Leo anaitazama mno. Saa sita Mwalimu anakuja kukaguliwa, na kisa chake hakiwezi kuandikwa kwenye ripoti bila saini yake. Mama Rangi ameomba kuipeleka fomu mwenyewe. Kwa miaka mitatu akimwona Mwalimu mlangoni, hurudi ndani. Chai yake imepoa bila kuguswa.

Kipande cha kwanza kilionyesha ugonjwa ukingoni, kwa hiyo saa sita kasorobo kisahani cha pili cha fundi cherehani kinapita kidirishani. Anapaka, nesi anazisoma rangi, kipande kinawekwa kigande. Mama Rangi anavua glavu, anajikaza kisabuni, anatoka.

Mwalimu amekaa kando ya fundi cherehani, leso mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile maabara waliyokwambia ilikosea..." Anamnyooshea fomu. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyechanganya rangi."

Mwalimu anapangusa jicho.

"Kumbe ni wewe unayeniliza kila nikisoma gazeti. Wajukuu wangu wanadhani habari ndizo mbaya."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Usiniharakishe. Ndiyo kwanza nimekujua."

Anaisoma fomu yote, mstari kwa mstari, kalamu ikiwa hewani. Mwishowe anatia saini. Halafu anamwonyesha kwa kidole mzee mwenye bandeji.

"Na huyu? Rangi zake umeziangalia?"

"Mara tatu, Mwalimu."

"Kaangalie ya nne."

Mama Rangi haagi. Anarudi ndani nusura akimbie, anawasha taa ya mezani, anaushika mchoro.

Buluu juu. Nyekundu jichoni.